Futi ya Cassian

Mdogo wangu wa kike, Mackrine, alialikwa na vijana wa usharika rafiki kule Norwei kuvuka nao nyanda za juu wakati wa baridi, wiki nzima, ardhi yote imeganda. Watavuka kwa ski, zile mbao mbili nyembamba mtu anazofunga miguuni akateleza juu ya theluji. Kwa nini yeye? Kwa sababu Ingrid, mmoja wao, alipokuja hapa Nyakatuntu, Mackrine alimpandisha kilima cha nyuma ya shamba letu mpaka akaomba maji na msamaha. Wakaona huyu atawafaa.

Nauli walishalipa, viza ilishatoka. Vilibaki vifaa. Ingrid alitaka jibu siku hiyohiyo kabla duka la kwao halijafungwa, la sivyo vingechukuliwa na mwingine, na safari ya Mackrine ingeishia hapo.

Akatuma picha kwenye simu. Tukakaa jikoni, mimi, Mackrine na mama, ndizi zikichemka. Ski zilikuwa za aina mbili. Nyembamba zinakimbia sana, ila zinataka njia iliyotengenezwa. Zile pana kidogo ni nzito, lakini zina ukingo wa chuma wa kung'ata barafu ngumu. Mackrine akataka za kukimbia. Nikamwuliza anamkimbilia nani huko na mzigo wote ule. Akachagua za chuma, amenuna.

Viatu havikuleta ugomvi. Ingrid alisema viwe vikubwa kidogo, soksi nene ziingie na vidole vicheze.

"Hapo kasema kweli," mama akasema. "Viatu vya kubana ni vya harusini."

Ikafuata picha ya sanduku refu lenye kifuniko cha turubai, la kuburutia mizigo. Mama akasogea aione vizuri. Ikaja ya mfuko wa kulalia, mtu ndani yake, zipu imefungwa hadi kidevuni.

"Na huyu?"

"Amelala, mama."

"Kulala kwa kuamka?"

Mackrine akacheka. Mimi nilikuwa nasoma ujumbe mwingine: Ingrid anataka urefu kamili, maana ski za safari hiyo zinampita mtu kichwani kidogo, na fimbo za kujisukumia nazo zina kipimo chake. Tepu yangu ya kushonea iliishia kidevuni kwa Mackrine, tena namba zake zilishafutika. Nikampigia simu jirani yetu Cassian, fundi seremala, aje na futi yake ndefu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Cassian ndiye fundi wa vitanda vyetu, lakini majeneza nayo ni yake, na kwetu mtu hupimwa kichwa hadi kisigino siku moja tu. Mwaka jana alimpima baba kwa futi hiyohiyo.

Akaingia na tabasamu lake, futi mkononi.

"Shikamoo, mama." Kisha, kwa mazoea ya kazi, akauliza kwa upole: "Yuko wapi?"

Mama akainuka na mwiko, akapiga yowe la kwetu. "Mawe! Hapa hakuna mtu wako! Toka!"

Cassian akatoka kinyumenyume, mguu mmoja ndani ya ndoo.

Nilikasirika. Muda unakwenda, Ingrid anauliza tena, na sisi tunafukuza mafundi!

"Mama, ni mbao tu!"

"Ndiyo. Mbao za urefu wake. Na sanduku. Na mfuko wa kumfungia. Mnanificha nini, Eustadia?"

Nikazitazama zile picha upya, nikaona alichokiona yeye: jeneza.

Mackrine alipoona macho ya mama, akaiweka simu chini. "Basi, mama. Siendi." Alisema bila kununa, na ndicho kilichoniuma. Tangu mwaliko ufike alikuwa akipanda kile kilima kila asubuhi na gunia la mchanga mgongoni.

Mama akachochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Akauchochea tena. Kisha akafungua kilemba, akavua kandambili, akaenda kuegemea fremu ya mlango, wima.

"Mwiteni Cassian. Anipime mimi."

"Wewe, mama?"

"Tunalingana. Si anavaa magauni yangu? Kama hiyo futi lazima imwite mtu, iniite mimi. Mwanangu aende arudi."

Cassian alikuwa bado nje, anakung'uta suruali. Akarudi kwa tahadhari, jicho kwenye mwiko, akaishusha futi kutoka utosini kwa mama. Tatizo ni kwamba hawakulingana tena. Uzee ulishamfupisha mama kidogo, na sisi tunaoishi naye hatukuwa tumeona.

Mama mwenyewe alijua. Nikamwona akinyanyua visigino taratibu, mpaka kichwa kikafika pale cha Mackrine kinapofika. Cassian akamtazama miguu, kisha akanitazama mimi.

"Soma, fundi," mama akasema, visigino bado juu. "Mtoto anachelewa."