Mkaa Usiotaka Udi

Pua ya Bi Nurjehan iliheshimiwa Bagamoyo kuliko muhuri wa serikali. Miaka arobaini aliuza udi, uvumba na marashi katika duka lililo mbele ya nyumba yake, na mtu akimletea udi uliochakachuliwa aliujua kabla haujafika kaunta. Hakuwa na haja ya kuuwasha. Wala hakuacha mtu asahau hilo.

Sasa hebu fikiria mtu wa namna hiyo apatwe na kidonda kinachonuka.

Kilianza kama lengelenge la kiatu, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Kisukari kikakipokea kwa mikono miwili, na lengelenge likawa donda. Daktari alimpa dawa, na masharti ya chakula ambayo aliyafuata kwa kununa. Mara tatu kwa wiki donda lilisafishwa nyumbani na Linda, muuguzi wa kituo cha afya, binti Kasian wa Kiwangwa, msichana mwenye mikono mepesi na majibu ya haraka. Kidonda kilikuwa kinapona polepole. Harufu ndiyo iliyokataa kuondoka. Nurjehan aliisikia kabla ya mtu mwingine yeyote, na pengine hata pale ambapo haikuwepo. Akamkabidhi mwanawe Rehan funguo za duka, akahamia chumba cha uani, akafunga mlango.

Hayo yote angeyavumilia, kama Inaya asingekuja kujifungulia kwao. Inaya ni binti wa Rehan. Alizaa mtoto wa kiume, Shahid, kitukuu cha kwanza cha Nurjehan, na kitanda cha mtoto kikawekwa upande wa pili wa ukuta ule ule. Nurjehan akamjua kwa sauti: kilio cha njaa, kilio cha usingizi, na kile cha hasira tu ya kuzaliwa. Kumpakata, hakuwahi hata mara moja. Inaya alipomleta mlangoni, Nurjehan alimtazama kwa mbali akasema, "Mrudishe, mwanangu. Pua ya mtoto isianzie hapa." Kisha alifunga mlango akalia, halafu akajikasirikia kwa kulia.

Na arobaini ya mtoto ilikuwa inakuja. Katika nyumba ile, siku hiyo mkubwa wa ukoo ndiye anayempakata mtoto mbele ya wageni mpaka dua iishe. Mkubwa wa ukoo alikuwa yeye.

Linda aliisikia habari hiyo. Wiki iliyofuata alikuja na kopo la bati lenye kifuniko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nini hicho, biskuti?"

"Mkaa."

Ndani ya bati mlikuwa na vifuko bapa vya kitambaa cha pamba, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Linda akakaa kwenye kigoda akaeleza. Wanawake wa Mlingotini wakishakuna nazi hutupa vifuu. Watafiti wa chuo waliokuwa wakishirikiana na kituo chake walivikusanya, wakavichoma kwenye chombo kisichoingiza hewa, kisha wakaupitishia ule mkaa mvuke wa moto mkali sana. Mkaa uliotoka humo, ukishaoshwa na kusagwa, una vitundu visivyoonekana kwa macho, na harufu ikipita inanaswa humo. Kifuko hakigusi kidonda. Kinafungwa juu ya bandeji.

"Na kinaponya?"

"Hapana, bibi. Kuponya ni kazi ya dawa, na ya kuacha tambi za sukari. Hiki kazi yake ni harufu tu. Wanatafuta watu wa kukijaribu, kama utakubali."

Nurjehan alichukua kifuko akakinusa, akakunja uso. Hakikunuka chochote. Maishani mwake hakuwahi kukutana na kitu kisichonuka chochote, na hilo lilimtia mashaka. Akakubali hivyo hivyo.

Siku ya tatu alimwita Rehan akamkalisha karibu na mguu wake. "Unasikia nini?"

"Nasikia njaa," Rehan akasema. "Mchana huu wote sijala."

Siku hiyo mlango wa uani ulifunguliwa. Kesho yake Nurjehan alikaa barazani akichambua mchele na wanawake wa jirani, na hakuna aliyesogeza kiti. Alimwambia Inaya, "Siku ya arobaini nitampakata."

"Kwa nini si leo, Dadi?" Inaya akauliza; ndivyo alivyozoea kumwita bibi yake.

"Kwa sababu nataka kwanza niamini."

Hapo tungemaliza, kama Nurjehan asingekuwa Nurjehan. Vifuko vya kwanza vilipokwisha, Linda alimwachia bati la pili, vifuko kumi, akamwagiza avitunze humo humo na kifuniko kibanwe. Nurjehan alifungua akavitazama, akavionea huruma. Katika nyumba yake hakuna nguo iliyogusa mwili bila kupitia udi: kanga, shuka, kanzu za Rehan, mpaka taulo. Na mkaa nao, kazi yake ni nini? Yeye aliijua moja tu, kukaa kwenye chetezo na kubeba udi. Mkaa usio na udi kwake ulikuwa kazi ambayo mtu ameiacha nusu. Isitoshe, watu wa chuo walikuwa wamemtendea wema. Basi akawasha chetezo, akatoa udi wake bora, ule ambao hata haukai dukani, akafunika kikapu juu yake, akavipanga vifuko vyote kumi. Akavigeuza upande wa pili. Akavirudisha kwenye bati, ameridhika kabisa.

Siku ya kwanza alinukia kama bibi harusi. Siku ya pili harufu ya kidonda ilirudi, imechanganyika na udi, na nawaambia mchanganyiko huo ni mbaya kuliko kidonda peke yake. Zilibaki siku tatu kufika arobaini. Wifi yake Zahabiya alikuwa ameshafika kutoka Dar na masanduku mawili na macho yanayoona kila kitu. Nurjehan akarudi chumbani, akafunga mlango, na kwa nyuma ya mlango akatoa amri: "Zahabiya ndiye ampakate mtoto." Tangu aolewe katika ukoo ule hakuwahi kumwachia Zahabiya hata kiti.

Linda alipokuja alifungua bati, akasita. "Bibi, umevifanya nini hivi?"

"Nimevifukiza. Tena kwa udi ambao wewe hujawahi kuunusa."

Linda aliketi kitandani. Alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa. "Mkaa huu hauchagui, bibi. Umeulisha udi, umeshiba udi. Harufu ya kidonda imefika, imekuta nafasi zimekwisha."

"Vyote?"

"Vyote kumi."

Nurjehan alilifunika bati. Kucheza na harufu ndiyo kazi aliyojivunia, na harufu ndiyo iliyomwangusha. "Lete vingine," akasema kwa sauti ndogo.

Vingine havikuwepo. Mkaa wa unga ulikuwepo kituoni, lakini mshonaji alikuwa amekwenda msibani Mkange, na hakutarajiwa kabla ya Jumatatu. Arobaini ilikuwa Jumamosi.

"Cherehani ninayo," Nurjehan akasema.

Linda akapiga simu kwa wakubwa wake, akaeleza, akasikiliza watu wakicheka upande wa pili. Ruhusa ikatoka. Lakini alipokata simu aliitazama nyumba, akatikisa kichwa. "Hapa, bibi? Ukuta wenyewe unatoa udi. Vitashiba kabla hujakata uzi."

Ndipo Nurjehan alipofanya jambo ambalo mtaa ulilizungumza kuliko arobaini yenyewe. Alimwita Rehan akamwamuru ayahamishe makasha yote ya udi na marashi kwa jirani yao Jaysukh, anayeuza misumari na rangi. Mapazia yakafuliwa. Vyetezo vikafungiwa stoo.

"Mama, arobaini bila udi? Watu watasema."

"Waseme. Pua zao zitapumzika."

Linda alipoleta ule mkaa wa unga, Nurjehan akashona uani, upepo ukipita, siku nzima. Kila kifuko kilichokwisha kiliingia moja kwa moja kwenye bati, na kifuniko kikabanwa.

Jumamosi sebule ilijaa. Zahabiya aliingia, akasimama, akavuta pumzi. "Nyumba hii haina udi leo? Duka limefungwa?"

"Leo mgeni ni Shahid," Nurjehan akajibu, na kuketi pale pa mkubwa wa ukoo.

Inaya akamweka mtoto mapajani mwake. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Mtoto akamshika kidole cha shahada, akakibana, na Nurjehan akahisi moyo wake unafunguka kwa furaha mpaka macho yakamwuma. Dua ikaanza.

Katikati ya dua, akasikia harufu.

Bila shaka yeye ndiye aliyeisikia wa kwanza. Pembeni yake, pua ya Zahabiya ikacheza kidogo. Kwa hiyo ni kweli. Mbele ya ukoo mzima. Akainua kichwa kumtafuta Inaya, amrudishie mtoto na aondoke kabla wageni hawajaanza kutazamana.

Lakini kabla hajaita, akaivuta ile harufu vizuri, taratibu, jinsi alivyozoea kuupima udi. Kwanza maziwa, yaliyochachuka kidogo. Halafu kitu kingine, kichanga, kisicho na haya. Na papo hapo pajani pake pakawa na joto.

Bi Nurjehan akaanza kucheka. Alicheka kimya kimya, mabega yakimtikisika, mtoto akitikisika naye.

"Mtoto amejisaidia," Zahabiya akanong'ona, mtandio puani. "Mpe mama yake akambadilishe."

Inaya alikuwa ameshanyoosha mikono. Nurjehan akamvuta mtoto kifuani.

"Siku arobaini nimemngoja," akasema, machozi yakimtelemka. "Leo nimwachilie kwa ajili ya kinyesi tu?"