Pua ya Kiwanda cha Barafu

Kiwanda kizima cha barafu kilimwita Pua, na jina hilo alilivaa kama wengine wanavyovaa nishani. Kazi yake ilikuwa kupita kila asubuhi kwenye mabomba ya amonia, ile gesi inayogandisha maji, akinusa kama kuna mahali panapovuja. Ikivuja nyingi, hata jiwe lingetokwa na machozi. Ustadi ulikuwa kuikamata ikiwa kidogo, kabla haijamwingia mtu kifuani. Mafundi hawakushika spana mpaka Pua asimame mlangoni, afumbe macho, avute pumzi ndefu na kutamka, "Safi."

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ila mkewe ni kwamba Pua hakuwa akisikia harufu yoyote. Mafua makali yalikuja, na yalipoondoka yaliondoka na harufu zote za dunia. Angeweza kulala kando ya samaki wa juzi akaota maua. Kilichomwokoa kazini ni paka wa kiwanda, jike wa kijivu aliyemfuata chumba hadi chumba kwa sababu ya vipande vya samaki alivyovificha mfukoni. Paka akijilaza, Pua alisema safi. Paka akikunja uso na kutoka, Pua alisema inavuja. Macho yenyewe aliyafumba nusu tu.

Halafu meneja akaleta kidude, na aliyekileta mkononi ni mpwa wake Pua mwenyewe, binti wa dada yake, aliyesomea ufundi wa vifaa vya kupimia. Akaeleza kwamba zamani chombo kama hicho kilikuwa kikubwa kama kabati, na sasa kinaenea kiganjani. Kinavuta hewa kidogo, kinazipa chembe zake chaji ya umeme, kisha kinazikimbiza kwenye mrija mfupi kuliko kidole. Chembe ndogo zinatangulia, kubwa zinafika nyuma zikihema, na kidude kikiangalia kila moja imechukua muda gani, kinajua jina la gesi.

"Na mimi pua yangu inaenea kiganjani," mjomba akamjibu, "na haihitaji betri."

Mafundi walicheka. Meneja akaamua washindanishwe kesho yake, vyumba vitatu, na atakayeshinda ndiye atakayeaminiwa. Pua hakulala vizuri. Akishindwa, angebaki mzee tu kama wazee wengine, bila hata jina.

Asubuhi, mkewe akiwa sokoni, alifungua sanduku akatoa koti lake la harusi, ili ashindane kwa heshima. Mkewe alikuwa amelijaza dawa ya nondo, wale wadudu wanaotoboa nguo, mifuko yote, asijue kwamba mumewe angeligusa. Pua alikung'uta zile punje, akaona inatosha. Njiani watu walimpisha upande huu na upande ule, naye akawaitikia kwa kichwa, akidhani habari za shindano zimeenea.

Chumba cha kwanza, paka alifika mlangoni, akanyoosha pua, akarudi kinyumenyume. Pua akatangaza kwamba inavuja. Kidude nacho kikawasha taa nyekundu. Meneja alifurahi, lakini mpwa alitazama kioo chake akakunja uso, akasema hiyo si amonia. Chumba cha pili, paka alivuka uwanja mbio akapanda ukuta. Pua akasema hapa ndipo hasa, inavuja vibaya. Taa nyekundu tena.

"Kinasema dawa ya nondo," mpwa akasema.

Mafundi wakashikana mabega kwa kicheko. Yule binti akakipeleka kidude dirishani, kikanyamaza kidogo. Akakirudisha kwa mjomba wake, kikapiga kelele kama kimekanyagwa.

"Mjomba, ni koti lako."

Meneja aliinama, akanusa, akapiga chafya. "Mzee, na hii hukuisikia?"

"Mtu hasikii harufu yake mwenyewe, bosi."

Jibu lilikuwa zuri kiasi kwamba wawili watatu waliitikia kwa kichwa. Koti likatundikwa nje. Mpwa akaomba wasubiri kidogo, kwa maana kidude kimeshiba ile dawa na lazima kipumue hewa safi mpaka akili ikirudie. Meneja akauliza ni chombo gani kinacholewa koti. Akageuka.

"Pua, chumba cha tatu sema wewe. Mafundi wanasubiri."

Kumbe ushindi ulikuwa umelala mlangoni, wa kuokota tu. Neno moja, na kidude kirudi kwenye boksi lake. Pua akatazama sakafuni mahali pa paka. Hapakuwa na paka. Alikuwa juu ya ukuta, amempa mgongo, analamba mguu. Na fundi mmoja, kwa kumwamini, alikwisha kupiga magoti aingize kichwa chini ya pampu.

"Toka hapo," Pua akasema. "Sijui kama ni safi. Sisikii kitu tangu yale mafua. Siku zote mmekuwa mkimsikiliza paka."

Fundi akatoka. Hakuna aliyecheka. Kidude kikatoa mlio mfupi, na mpwa akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa ni amonia, kidogo, pale kwenye valvu.

Meneja alitaka kukasirika, ila hakujua aanzie wapi, maana hakuna uvujaji hata mmoja uliowahi kuwapita.

"Paka alikuwa analipwa nini?"

"Samaki, bosi."

"Wa kiwanda?"

"Wangu."

Jina la Pua likahamia kwa paka. Mzee akapewa kidude, kwa kuwa mpwa alisema hakuna anayezijua kona za mabomba kama mjomba. Akakifuta kila asubuhi kwa kitambaa kisicho na sabuni, akakisemesha: "Haya mwanangu, vuta."

Siku moja alimsimamisha meneja mlangoni, akamwambia arudi nje na manukato yake.

"Umejuaje, nawe husikii?"

Mzee akainua kidude, taa nyekundu inawaka. Nyuma yake Pua alikuwa ameshatoka, mkia juu.