Bolti Isiyopakwa Grisi

Niliota usiku wa jana kwamba niko kwenye mashine yetu ya kusaga mahindi, natengeneza tundu ambalo hesi zake, ile mikato ya ndani inayoshika bolti, zimeliwa zote. Bolti ilikuwa inazunguka tu, haikazi. Dawa yake naijua. Unasafisha tundu, unajaza gundi ya chuma, unapaka bolti grisi, unaitia, unasubiri mpaka kesho. Gundi ikiganda inakuwa imechora hesi mpya, na bolti inatoka bila ubishi. Ukiacha grisi, haitoki tena.

Gundi ile huja na tyubu mbili za kuchanganya. Zikakataa. Moja ikasema haiwezi kulala na mtu isiyemjua, nilete mshenga. Nikamleta mama. Akakaa kwenye mkeka wake, akazitambulisha, akalia kidogo, zikakubali.

Mkeka huo si wa ndotoni. Mdogo wangu Fulgensi alifariki miezi mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo mama analala chini, maana tanga la msiba halijaanuliwa, maombolezo hayajafungwa. Wa kulianua ni mimi, mkubwa. Kila wiki nina sababu: mara mvua, mara mjomba hajafika. Ukweli ni kwamba sitaki Fulgensi aondoke.

Basi, ndotoni nachukua bolti. Ni Fulgensi, urefu wa kidole, kavaa ovaroli lake. Sishangai. Namtia tunduni, gundi inamfika kifuani.

"Kaka, umenipaka grisi?"

"Nimekupaka."

"Mbona sisikii utelezi?"

Nikamwambia grisi za siku hizi ni nyepesi. Nilimdanganya huku namtazama usoni.

Mara tuko kanisani. Injini ya mashine iko mbele, palipokaa jeneza lake, na waumini wamepanga foleni na spana zao. Kila mmoja anajaribu kumfungua, anashindwa, anarudi kuketi. Injini inawaeleza kwa upole kwamba asiyepakwa hatoki, na utaratibu huo haukuanza leo. Mama anafika wa mwisho, mikono mitupu.

"Umemweka humo ili iweje?"

"Akae nyumbani, mama."

"Nyumbani gani asikoweza hata kugeuza shingo?"

"Mimi sina hasira, kaka," Fulgensi anasema. "Ila gundi inaganda."

Mama anafungua kilemba, anajipangusa mafuta ya nazi kichwani, anayamimina kiganjani mwangu. Siku ya kumwosha Fulgensi nilikimbilia nje, sikuweza. Sasa nampaka mabega, mgongo, nyayo, nikilia. Nikamshika kwa vidole viwili, nikazungusha kushoto. Akatoka taratibu, akaenda zake mlangoni. Tunduni zikabaki hesi mpya, safi kabisa.

Niliamka kumeshakucha. Nikaenda moja kwa moja kwa mama kumwambia tanga tunaanua Jumamosi hii. Nikamkuta kitandani, amelala fofofo, kilemba kimefunguliwa.