Paka Hauzwi

Kwao Kondoa, paka hauzwi. Ng'ombe anauzwa, kuku anauzwa, hata punda mwenye kilema hupata mtu wa kumchukua, lakini anayepokea fedha kwa paka huambiwa ameuza mlinzi wa nyumba yake. Paka hutolewa, na aliyepewa hurudisha debe la nafaka kila mavuno, muda wote paka akiwa hai. Bi Mwanahawa alipofiwa na mume akahamia mjini, Kizota, alikuja na desturi hiyo pamoja na kinu chake na paka wake.

Miaka hiyo serikali ilikuwa imeachia biashara ya nafaka. Mahindi ambayo zamani yalinunuliwa na shirika la umma peke yake, sasa yalinunuliwa na yeyote mwenye lori, au mwenye rafiki mwenye lori. Maghala yakaota Kizota katikati ya gereji na mashine za kusaga, na penye ghala panya hangoji kukaribishwa.

Bi Mwanahawa aliwafundisha paka wake kwa utaratibu. Watoto wa paka waliwekwa ndani ya pipa lililolazwa, na mama yao, Kijivu, akawaletea panya mzima. Aliyemchezea panya aliachwa ajifunze tena. Asiyejifunza alipelekwa kwenye nyumba yenye watoto wa kumbembeleza. Aliyeua kimya kimya, huyo ndiye wa ghala.

Hakubandika tangazo wala hakupiga debe. Asma, mwenye hoteli ya chai pale stendi, alichukua paka wa kwanza. Wenye maghala wanaokunywa chai kwake wakaona unga unalala wazi na hauguswi, wakauliza.

"Shoga, wenzio wanatangazwa redioni," Asma alimwambia. "Wewe unatangazwa na kimya."

Kila mavuno madebe yakaongezeka mlangoni, ya uwele, mtama na mahindi. Yeye mwenyewe hakuwa na shamba. Alikula jina lake.

Kabla ya kumtoa paka, Bi Mwanahawa alikwenda ghalani, akaketi, akauliza swali moja: mnaweka sumu? Maana panya aliyekula sumu hutembea polepole, na paka hupenda cha polepole. Akiambiwa ndiyo, alimaliza chai yake akaaga.

Siku moja akaja Gaudence, mwenye ghala kubwa karibu na reli, aliyekuwa akipeleka mahindi kwenye shule za bweni.

"Shikamoo, mama. Nasikia una jeshi."

"Marahaba, baba. Jeshi dogo."

"Nipe lote."

Bi Mwanahawa alikwenda kwanza ghalani kwake, akaketi, akauliza. Gaudence akacheka. "Mahindi haya yanaliwa na watoto wa shule, mama. Niweke sumu?"

Bi Mwanahawa hakuchungulia nyuma ya magunia. Kwao, kumpekua mtu anayepokea paka wako ni kumwita mwongo mbele ya mnyama. Akamwachia paka wanne, wote watoto wa Kijivu.

Mwezi haukuisha, Asma akamletea habari. Bi Mwanahawa aliwakuta paka wake wamelazwa nje ya ghala juu ya gunia bovu, damu imekauka puani. Mmoja alikuwa bado anapumua. Wapagazi walikuwa wanapita juu yake na magunia kichwani, na mmoja wao alikwisha kumkanyaga mkia kuona kama atalia.

Aliingia ndani bila kukaribishwa. Nyuma ya magunia, chini ukutani, akaokota punje nyekundu.

"Hii nini, baba?"

"Mbegu, mama. Mbegu za dukani hupakwa dawa."

"Mbegu inapandwa nyuma ya magunia?"

Gaudence hakupandisha sauti. "Tusigombane. Nimenunua nini kwako? Hukuniuzia kitu. Umeleta wanyama wako wagonjwa wakanifia hapa. Wa kulalamika ni mimi."

Shule zingesikia kwamba mahindi yao yamelala na sumu, Gaudence angebaki na mahindi yasiyo na mnunuzi. Kwa hiyo akawahi yeye. Kwenye mizani, kwenye mashine, pale pale kwa Asma, akasema kwa huruma: yule mama si mtu mbaya, ila paka wake wana ugonjwa, na ugonjwa huo unaingia kwenye nafaka. Bi Mwanahawa naye alisema. Alionyesha zile punje. Watu waliziangalia wakamwambia ni mbegu.

Neno likapita njia ile ile liliyopitia zamani, safari hii kwa mbio. Paka wengine walipigwa kwa mipini ya majembe. Wengine walirushwa juu ya ua wake wakiwa ndani ya magunia yaliyofungwa kamba, na mmoja alirudi mwenyewe akiburuta mguu. Asma alimleta wa kwake ndani ya kikapu, amemtandikia khanga.

"Unajua kwamba mimi najua, shoga. Lakini wateja hawanywi ninachokijua mimi."

Mavuno yakaja yakapita. Hakuna aliyeleta debe. Ua ulijaa paka wenye njaa, wakala vifaranga, kisha wakaanza kukimbia mmoja mmoja. Kijivu alizaa akawala watoto wake, na Bi Mwanahawa akakaa akimtazama, hana cha kumpa badala yake.

Ndipo akaja Nikodemo, mwenye kighala kidogo nyuma ya gereji. Gunia la kwanza kurushwa juu ya ua lilikuwa la kwake.

"Panya wamerudi, mama. Naomba Kijivu."

"Na mavuno?"

Nikodemo akatazama viatu vyake. "Nikikuletea debe watauliza la nini."

"Basi nije niangalie nyuma ya magunia."

"Wakikuona kwangu nimekwisha. Nitasema nimemwokota."

Bi Mwanahawa alimshika Kijivu mbavu, akazihisi zote. Akamweka mwenyewe ndani ya kikapu.

Baadaye, akienda kutafuta chumvi, alipita mbele ya kighala kile. Nikodemo alikuwa mlangoni na wenzake, Gaudence akiwa kati yao.

"Huyu? Nimemwokota njia ya Bahi," Nikodemo alikuwa akisema. "Panya wote kwisha. Huyu ndiye paka, si wale wa ugonjwa."

"Akizaa niwekee mmoja," alisema Gaudence.

Kijivu, amenenepa, alinyanyuka kizingitini. Akavuka njia mkia juu, akaja akajisugua miguuni kwa Bi Mwanahawa, akirudi tena na tena. Wanaume wakageuka kuangalia. Nikodemo akamtazama Bi Mwanahawa kwa macho ya kuomba.

Bi Mwanahawa alimsukuma paka kwa mguu, kama mtu anavyomsukuma paka wa watu.

"Mshikeni paka wenu," akasema, akaenda zake.

Kijivu alimfuata hadi kwenye kona ya gereji. Hapo Bi Mwanahawa akainama, akaokota jiwe.