Ndege wa Wifi Wawili

Kila machipuko, ndege wanaporudi kaskazini, Shahira na wifi yake Najla hufika kwenye mabwawa ya Azraki, katikati ya jangwa, kabla jua halijachomoza, na chupa ya chai, mikate iliyopakwa zaatari, majani makavu yenye harufu, na darubini zao. Waume zao wamechoka kuwauliza wanatafuta nini huko. Wana sheria yao: ndege hahesabiwi mpaka wote wawili wamwone. Anayemwona kwanza huelekeza tu, na mwenzake ndiye humtaja jina. Akikosea, atasimangwa hadi machipuko mengine.

Mwaka huu Shahira alikuja na siri. Tangu majira ya baridi macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na hakumwambia mtu. Wanawe wakijua watamweka ndani, na Najla atatafuta mwenzi mwingine, maana nani atakwenda kutazama ndege na mtu asiyeona? Wazo hilo lilimkata maini.

Lakini asubuhi yenyewe ilikuwa tamu mno. Mvuke ulipanda kutoka majini, matete yakayumba, na vyote vikamjia Shahira vimechanganyika, kijani na fedha na dhahabu, hata asijue bwawa linaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Nyati wa maji walikoroma bwawani. Alihisi kama anaelea, na kwa kitambo akasahau hofu yake.

"Haya, mke wa mheshimiwa," Najla alimchokoza, "kushoto, penye matete yaliyolala. Taja, usinilalie hapa!"

Shahira akainua darubini. Kitu cheupe kilitikisika.

"Yangeyange," alisema. "Tazama shingo ilivyo nyembamba. Anajisafisha manyoya, maskini."

Najla alishusha darubini yake.

"Naam," alisema. "Yangeyange."

Upepo ukavuma. Yangeyange akajaa, akapaa, akabingirika hewani, kisha akanasa kwenye ukingo wa daraja la mbao walilosimama, mbele ya pua zao. Ulikuwa mfuko wa plastiki wa duka la mikate.

Shahira akangoja simango. Wifi huyu aliwahi kumcheka mwaka mzima kwa kumchanganya bata na kuku wa maji tu. Sasa aliokota mfuko kimya kimya, akaukunja, akautia mkobani.

"Kunywa chai, dada. Itapoa."

Tangu lini Najla akamwita dada?

"Nicheke," Shahira alisema. "Najla, nakuomba, nicheke."

Najla akammiminia chai.

"Ulijua tangu lini?" Shahira aliuliza.

"Tangu harusi ya jirani yetu Taymaa. Ulimbusu mke wa muuza nyama ukidhani ni mimi. Mwanamke ana masharubu, wifi!"

Shahira akalia, bila kujificha. "Basi utaniacha nyumbani."

"Nikuache?" Najla akamgeukia kwa hasira za kweli. "Nije hapa na nani, na kaka yako? Yule hamjui ndege mpaka awe sahanini! Kesho kutwa nakupeleka kwa daktari wa macho, nitakukokota ukikataa. Akikutibu, sawa. Akishindwa, utakuja vilevile, mimi nitakuwa macho yako." Midomo ikaanza kumcheza. "Ila wewe! Nakuonyesha bata, unataja mfuko! Eti anajisafisha manyoya! Eti maskini!"

Akacheka mpaka bata wakaruka bwawa zima, na Shahira, mashavu bado yamelowa machozi, akamshika mkono asianguke majini.