Mgahawa Baada ya Pasaka

Nilifungua mgahawa wangu hapa Mbinga mjini Jumatano ya Majivu, na hilo ndilo lililonidanganya. Ubao wa mlangoni niliuandika kwa mkono wangu: hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna maziwa, hakuna mayai. Mtu wa kwanza kuusoma aliuliza, sasa kuna nini? Nikamwambia aingie aone. Alikula ugali kwa maharage na majani ya maboga yaliyoungwa karanga, akaomba aongezewe, akaondoka anajifuta mdomo.

Biashara sikuwahi kufanya, labda uhesabu kahawa ya shambani kwetu. Lakini kupika bila nyama nakujua. Marehemu mume wangu alipougua, daktari alimkataza nyama na kila kitokacho kwa mnyama, nami nikaapa kwamba hatakula kama mgonjwa. Nilijaribu karanga, mbegu za maboga, uyoga, kunde za kuponda, mpaka wageni wakawa wanaacha kuku wao na kuomba chakula cha mgonjwa. Alipofariki nilibaki na ujuzi usio na mlaji. Wazo la mgahawa lilitoka hapo, na sikutaka kulichanganya na kitu kingine.

Basi Kwaresma ile nilikuwa malkia. Walimu, mafundi, wauza mitumba, wote kwangu. Mwalimu Blasius, mtu mwenye maneno mengi kuliko darasa lake lote, alikuwa akitangaza mezani kwamba nyama ni mazoea tu. Vituko havikukosekana. Mzee mmoja wa Liuli alitoa usipa wake mfukoni, dagaa wa ziwani kwao, umefungwa kwenye karatasi, akataka kuumwaga juu ya ugali wangu, nikamwomba aurudishe ulikotoka. Mwingine alinifuata hadi jikoni kukagua kama sifichi mchuzi wa nyama. Nilicheka nao wote, nikaongeza meza na viti.

Jumatatu ya Pasaka nilipika sufuria kubwa. Hakuja mtu. Ng'ambo ya barabara, kwenye banda la kitimoto, nyama ya nguruwe ya kukaanga, watu walijaa mpaka nje, na Mwalimu Blasius alikuwa miongoni mwao na mfupa mkononi. Aliponiona nimesimama mlangoni alivuka kuja kunisalimia, maana ni mtu wa adabu.

"Mama Winnie, chakula chako kizuri sana," alisema. "Lakini hata toba ina mwisho wake."

Iliniuma. Nilidhani wananipenda, kumbe walikuwa wanajitesa. Nilirudi jikoni nikasugua sufuria zisizo na uchafu, kwa sababu mikono ilitaka kumzaba mtu kibao na mtu mwenyewe ni mwalimu wa watoto wa jirani.

Siku zilizofuata hazikuwa na nafuu. Habari zikamfikia shemeji yangu Ladislaus, anayefuga nguruwe kule Mpepai. Ni mtu mwema, ila kwake hakuna tatizo la dunia hii lisilotatuliwa na nguruwe. Alikuja, akala, akasifu, kisha akanishauri niache ukaidi: majani yangu yabaki, na kitimoto kipikwe pembeni kwa wanaokitaka. Mkono mtupu haulambwi, akaniambia. Nilikuwa nimechoka kuangalia chakula kikipoa. Nikakubali, tukapatana alete mzigo Jumamosi.

Mteja mmoja tu ndiye ambaye hakuondoka na Pasaka. Huyo ni Mwanabibi, binti wa Kilwa aliyeletwa na ajira kwenye ofisi ya halmashauri, na ambaye baridi ya kwetu inamvalisha sweta hata saa saba mchana. Alianza kuja baada ya Idi, Kwaresma ikiwa bado inaendelea. Anaingia, ananiamkia, ananawa, anakula, anashukuru. Nilidhani kinachomleta ni karanga zangu. Ijumaa, alipokuwa mezani, niliona si haki akute mambo yamebadilika bila kuambiwa. Nikamweleza kwamba kuanzia kesho jikoni kwangu kutapikwa kitimoto.

Aliacha kutafuna kidogo, kisha akameza.

"Asante kwa kuniambia, mama," alisema. "Tangu nifike huku, kwako tu ndiko ninakokula bila kuuliza sufuria ilipika nini jana. Kuuliza kila siku naona aibu. Watu wanadhani nawadharau."

Akamaliza sahani yake taratibu, mpaka jani la mwisho, akanawa na kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilijisikia vibaya kuliko siku ya Blasius na mfupa wake.

Jumamosi asubuhi Ladislaus alifika na bodaboda, paja la nguruwe ndani ya mfuko. Sufuria kubwa ilikuwa jikoni, maji yanachemka. Akafungua mfuko, akaniomba kisu. Nikaitazama ile sufuria nikajua kwamba nyama ikishaingia, hakuna sabuni ya kumrudisha yule binti wa Kilwa. Nikaipua. Nikamwambia shemeji anisamehe, paja alipeleke ng'ambo.

"Unafukuza barabara nzima kwa ajili ya sahani moja?" aliniuliza.

"Barabara nzima ilikuja kutubu, shemeji. Huyu alikuja kula."

Alinuna, akavuka barabara, akaliuza paja lote kabla ya mchana, kisha akarudi kwangu kuomba maharage. Tukala pamoja bila kulizungumza tena.

Jumatatu Mwanabibi hakuja. Angekujaje, na mimi ndiye niliyemfukuza kwa kinywa changu? Chakula kilianza kupoa. Nikavua aproni, nikaacha mlango wazi saa ya chakula cha mchana, jambo ambalo mwenye biashara mwenye akili hafanyi, nikapanda kwenda ofisini kwao. Nilimkuta mezani kwake na sweta lake, ndizi mbivu mbili mbele yake.

"Sufuria ziko vilevile," nikamwambia, nikihema. "Nguruwe hakuingia."

Akazisogeza zile ndizi pembeni, akauliza leo nimepika nini. Mwenzake wa meza ya pili, kijana anayeitwa Shukrani, Msabato asiyegusa nguruwe, kutoka Mara, alikuwa amegeukia ukutani na hotipoti yake kutoka nyumbani. Aligeuka akauliza kama ni kweli hapa Mbinga kuna mahali pa namna hiyo. Mwanabibi akamwambia afunike hotipoti yake atufuate.

Tuliteremka watatu. Viti vingi vilikuwa vitupu, na sitadanganya, hata leo vingine ni vitupu, lakini siku hiyo nilipakua nikiimba. Shukrani aliitazama sahani, akaitazama sufuria, akanigeukia na swali mdomoni.

"Kula tu," Mwanabibi akamwambia. "Hapa hatuulizi."