Kaka wa Tabaka la Tisa

Saa tatu asubuhi, chini ya mwamba ulioinama, mchekechaji alikuwa akitikisa chekeche la udongo wakati mtaalamu wa mambo ya kale alipoomba brashi. Katika tabaka la tisa, chini ya majivu ya mioto ya watu wa zamani, fuvu lilikuwa limeanza kutokeza. Jino lake la mbele lilikuwa na kiraka cha fedha.

"Huyu ni kaka yangu," mchekechaji alisema.

Kaka yake alikuwa mchimbaji hapo hapo. Alitoweka miaka mitatu iliyopita, siku mbili baada ya kusema waziwazi kwamba msimamizi wa uchimbaji anauza vitu vya pango kwa magendo.

Mtaalamu hakubisha. Alipitisha kidole kwenye ukuta wa shimo, tabaka baada ya tabaka. Majivu hayakuwa yamekatwa popote; hakuna aliyewahi kuchimba kupita hapo. "Ni yeye, dada, na pole sana. Lakini amelala hapa miaka elfu tisa."

"Chimbeni taratibu," msimamizi alisema kutoka juu, mikono mifukoni. "Huo mguu wa kushoto umevunjika."

Mguu ulikuwa bado udongoni. Ulipofunuliwa mchana, kweli ulikuwa umevunjika, na kisogoni palikuwa na tundu la sururu. Mchekechaji alimkazia macho msimamizi. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa amekuja kwenye matanga ya kaka yasiyo na maiti, akala akashiba. Msimamizi akaangalia saa.

Wiki kadhaa baadaye, kituoni, askari wa zamu alisoma barua ya maabara mara mbili. Miaka elfu tisa, ikizidi au kupungua kwa karne moja. Jino, barua ilisema, lilizibwa na daktari wa mjini.

"Sasa dada, nimkamate nani? Huyo unayemtaja ana miaka arobaini na saba."

"Alijuaje habari za mguu?"

"Ana uzoefu huyo," askari alisema, akafunga jalada kwa heshima zote. Mchekechaji aliondoka bila kuaga.

Nyumbani, ambako alikuwa hajasema lolote akisubiri barua hiyo, alimkuta mama yake akichambua mchele.

"Kaka amepatikana, Mama. Mifupa tu. Ana miaka elfu tisa pale chini."

Mama alitoa kijiwe, akakitupa nje. "Ndiyo maana nimemsubiri mpaka nikachoka," alisema. Kisha akauliza, "Na aliyemuua?"

"Amenipangia zamu ya kesho asubuhi."